Kiyoyozi Kisichotii Nyuzi Ulizoweka: Mwongozo Kamili wa Kupima Rimoti, Kihisi Joto na Umeme Kabla ya Kulipia Gesi

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Kuanzia Januari hadi Machi, wenye nyumba wa Moshi husema kiyoyozi kimewekwa nyuzi 22 lakini chumba kinabaki na fukuto. Ikifika Juni hadi Agosti, wakazi wa Njiro, Sakina na Ngaramtoni, upande wa Arusha, husema wamekiweka nyuzi 26 ili kipashe chumba joto, lakini kinapuliza hewa baridi au kinatulia kabla baridi haijakatika. Katika hali zote mbili jibu wanalopewa haraka ni moja: gesi imeisha, iongezwe.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikiwa imepungua basi kuna mahali inavuja, na mahali hapo panapaswa kutafutwa na kuzibwa kwanza. Kabla ya kufika huko, kuna sababu nyingi za upande wa udhibiti, yaani rimoti, hali iliyochaguliwa, kihisi joto na umeme unaoingia, ambazo mwenye nyumba anaweza kuzichunguza mwenyewe bila kugusa bomba lolote.

Mwongozo huu unahusu viyoyozi vya ukutani vyenye mashine mbili, moja ndani na nyingine nje, ambavyo ndivyo vinavyofungwa zaidi majumbani. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kila hatua inaondoa sababu moja, na anayeruka hatua hubaki akibahatisha.

## Vifaa vya kuandaa

- Betri mbili mpya za aina ile ile inayotumiwa na rimoti, kwa kawaida AAA za alikali
- Simu yenye kamera ya mbele
- Vipimajoto viwili vya chumba, vya bei ndogo tu, ilimradi vikiwekwa pamoja visome sawa
- Brashi laini, beseni, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo
- Bisibisi ya nyota na ya bapa
- Ngazi iliyo imara, si kiti cha plastiki
- Multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, yenye kipimo cha omu (ukinzani), pamoja na bilauri ya barafu iliyopondwa, kwa ajili ya hatua ya 8 pekee
- Kijitabu cha maelekezo cha kiyoyozi, au picha ya kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ya ndani na ya nje
- Daftari na kalamu

## Usalama kwanza

Umeme wa nyumbani ni wa volti 230, na unaua. Kila mara mwongozo huu unaposema zima umeme, maana yake ni kuzima swichi ya ukutani ya kiyoyozi na pia sakiti breka yake kwenye boksi la umeme, kisha kusubiri dakika 5. Kuzima kwa rimoti hakukati umeme. Bodi ya ndani, yaani saketi inayoiongoza mashine, huendelea kuwa na umeme ili iweze kupokea amri ya kuwaka tena.

Mashine ya nje usiifungue kabisa. Ndani yake kuna kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kukatwa, na feni inaweza kuanza kuzunguka bila onyo.

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukiona swichi imebadilika rangi kwa joto, au breka ikikatika mara tu unapoiwasha, acha kila kitu na umwite fundi umeme. Breka inayokatika usiirudishe mara kwa mara ukitumaini itashika.

## Namna kiyoyozi kinavyoamua

Ni vyema kuelewa jambo hili moja, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Rimoti inatuma ombi: hali, nyuzi na kasi ya feni. Bodi ya mashine ya ndani inalinganisha nyuzi hizo na zile zinazosomwa na kihisi joto kilicho nyuma ya chujio. Kihisi cha pili, kilichochomekwa kwenye koili, yaani mabomba yenye mapezi yanayopooza au kupasha hewa, huilinda mashine isigande wala isipate joto kupita kiasi. Bodi ikiridhika na vyote viwili, ndipo inapoiamuru mashine ya nje ifanye kazi.

Kwa hiyo kiyoyozi hakijui joto la kitanda chako. Kinajua joto la mahali kihisi kilipo, juu karibu na dari, na kama kihisi kinasoma vibaya, mashine nzima iliyo nzima kabisa itafanya kazi vibaya kwa uaminifu wote.

## Hatua ya 1: Andika dalili kwa usahihi

"Hakifanyi kazi" si dalili. Andika hali iliyochaguliwa, nyuzi zilizowekwa, kama feni ya ndani inapuliza, kama mashine ya nje inanguruma, inachukua dakika ngapi kabla ya kutulia, na saa tatizo linapotokea. Tatizo linalotokea jioni tu lina chanzo tofauti na linalotokea muda wote.

Andika pia kilichobadilika hivi karibuni: kiyoyozi kilioshwa, umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, rimoti ilibadilishwa, au dari mpya ilifungwa. Mara nyingi jibu limo kwenye mstari huo.

## Hatua ya 2: Hakikisha hali iliyochaguliwa ndiyo unayoitaka

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndiyo maana hatua hii ni ndefu.

Kitufe cha MODE hubadilisha hali moja baada ya nyingine. Alama ya theluji, yaani COOL, ni kupooza. Alama ya jua, yaani HEAT, ni kupasha joto. Tone la maji, DRY, ni kupunguza unyevu, na katika hali hii viyoyozi vingi havikuruhusu kubadilisha kasi ya feni, na baadhi havikubali hata kubadilisha nyuzi. Alama ya feni, FAN, inapuliza hewa tu bila kuibadilisha joto, na mashine ya nje haiwaki hata ukisubiri hadi kesho. Mtoto akicheza na rimoti, mara nyingi hapo ndipo inapoishia.

AUTO inaiachia mashine ichague yenyewe. Kwa Arusha siipendekezi. Chumba chenye nyuzi 22 jioni ya Julai kinaweza kuifanya mashine iamue kupuliza bila kupasha, wakati wewe unasikia baridi. Chagua COOL au HEAT mwenyewe.

Sasa jambo zito zaidi: viyoyozi vingi vinavyouzwa nchini ni vya kupooza tu. Rimoti yake inaweza kuwa na alama ya jua, kwa sababu watengenezaji hutumia rimoti moja kwa aina nyingi za mashine, lakini mashine yenyewe haina uwezo wa kupasha. Soma kibandiko cha mashine ya nje. Kama kuna mstari wa uwezo wa kupooza peke yake na hakuna wa HEATING, kiyoyozi chako hakijaharibika. Hakikutengenezwa kwa kazi hiyo, na hakuna gesi itakayobadilisha jambo hilo.

Kama kinapasha kweli, ujue tabia zake mbili. Kwanza, ukikiwasha katika HEAT, feni ya ndani hukaa kimya kwa dakika kadhaa hadi koili ipate joto, ili usipulizwe hewa baridi. Pili, alfajiri yenye baridi na ukungu mwingi, hasa sehemu za juu kuelekea mlima Meru, koili ya nje inaweza kushika barafu, na mashine ikasimama kupasha kwa takribani dakika 5 hadi 10 ili kuiyeyusha. Mvuke unaotoka nje wakati huo si moshi. Usiizime, iache imalize.

Kisha angalia saa. Rimoti huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Anayetaka kiyoyozi kizime saa nne usiku anapaswa kuweka 22:00, si 4:00. Akiweka 4:00, kitazima alfajiri saa kumi, na atadhani kimeharibika. Futa TIMER zote, zima SLEEP, ambayo husogeza nyuzi polepole kadiri usiku unavyoendelea, na uhakikishe alama ya kufuli haionekani kwenye kioo.

Hakikisha pia rimoti inaonyesha Selsiasi. Ukiona namba kama 75, imebadilika kuwa Farenhaiti. Katika rimoti nyingi hurejeshwa kwa kubonyeza vitufe vya kuongeza na kupunguza kwa pamoja.

Unapomaliza, weka COOL nyuzi 18 kwa Moshi ya Februari, au HEAT nyuzi 28 kwa Arusha ya Julai, feni kasi ya juu. Subiri dakika 15. Hatua imefanikiwa ikiwa mashine ya nje imewaka na hewa imebadilika. Haijabadilika? Endelea.

## Hatua ya 3: Hakikisha rimoti inatuma

Washa kamera ya mbele ya simu, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, na ubonyeze kitufe chochote. Taa ya rimoti hutoa mwanga usioonekana kwa macho, lakini kamera nyingi za mbele huuona kama kimweko cheupe au cha zambarau. Kamera ya nyuma mara nyingi huuchuja, kwa hiyo usiitegemee. Jaribu kwanza na rimoti ya televisheni inayofanya kazi, ili ujue kama simu yako inaweza kuuona.

Kama hakuna kimweko, badilisha betri zote mbili kwa pamoja. Kioo cha rimoti kinaweza kuendelea kuonyesha namba vizuri wakati betri hazina tena nguvu ya kurusha amri, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Safisha chemchemi za betri kama zina kutu ya kijani au nyeupe. Betri za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo baadhi ya rimoti hazitumi mbali zikiwa nazo.

Kama kimweko kipo na kiyoyozi hakilii mlio wa kupokea amri, zima taa za chumba na ufunge pazia, kisha jaribu tena ukiwa karibu. Mwanga wa jua unaopiga moja kwa moja kwenye mashine ya ndani, na baadhi ya taa za umeme, huvuruga kipokezi.

Tahadhari kuhusu rimoti za jumla zinazouzwa madukani: zikiwekewa namba isiyo ya mashine yako hasa, zinaweza kuwasha na kuzima vizuri lakini zikakosea nyuzi au zikashindwa kubadilisha hali. Kama tatizo lilianza baada ya kununua rimoti ya aina hiyo, tafuta namba nyingine kwenye orodha yake kabla ya kuilaumu mashine.

## Hatua ya 4: Washa bila rimoti

Inua kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani. Upande mmoja, mara nyingi kulia, kuna kitufe kidogo cha dharura. Kibonyeze mara moja na ukiachie. Usikishikilie, kwa sababu katika mashine nyingi kukishikilia kwa sekunde 5 au zaidi huilazimisha mashine kupooza mfululizo bila kujali kihisi.

Kiyoyozi kikiwaka kwa kitufe hiki na kisiwake kwa rimoti, tatizo ni rimoti au kipokezi, na umeshaokoa fedha ya gesi. Kisipowaka kabisa, nenda kwenye umeme.

## Hatua ya 5: Chunguza umeme na kilinda umeme

Hakikisha breka imewaka, swichi ya ukutani imewashwa na taa yake inawaka. Kama kiyoyozi kimechomekwa kwa plagi ya pini tatu, fyuzi ya ndani ya plagi inaweza kuwa imeungua; zima umeme, chomoa, kisha uiangalie. Plagi iliyoyeyuka au kuwa ya kahawia kwenye pini haifai tena, na soketi yake pia inapaswa kubadilishwa.

Kilinda umeme, kile kisanduku chenye taa tatu, ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya jioni. Katika vingi, kijani ni umeme kupita, njano ni kusubiri na nyekundu ni umeme kukatwa kwa sababu uko chini au juu ya kiwango. Jioni, watu wanapopika na kupiga pasi, umeme mwishoni mwa laini hushuka. Viyoyozi vingi vimetengenezwa kwa volti 220 hadi 240 pamoja na nafasi ya asilimia 10 hivi kila upande. Ukishuka chini ya hapo, kompresa, yaani pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje, hushindwa kuanza au kilinda umeme hukikata, hurudi, kisha hukikata tena.

Tazama kilinda umeme wakati tatizo linapotokea. Taa nyekundu ikiwaka kila jioni, andika saa na utoe taarifa TANESCO, kwa kuwa hakuna marekebisho ya kiyoyozi yatakayotibu hilo. Stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, yenye uwezo wa kutosha husaidia, lakini usikiondoe kilinda umeme ili mradi kiyoyozi kiwake. Bei ya kompresa ni kubwa kuliko usumbufu wa kusubiri.

Kumbuka kwamba baada ya umeme kurudi au baada ya kuzima na kuwasha, mashine ya nje husubiri takribani dakika 3 ili shinikizo la gesi lisawazike. Ukibonyeza rimoti kila baada ya dakika moja, unaweza kuanza kuhesabu upya na kudhani mashine imekufa. Nyumba zinazotumia jenereta au umeme wa jua wenye kigeuzi cha bei nafuu zijaribu pia kiyoyozi kwa umeme wa gridi, kwani umeme usio na mawimbi safi huvuruga bodi.

Sasa ifanye bodi ianze upya: zima umeme wote kwa dakika 5, washa, subiri dakika nyingine 5. Matatizo yaliyoanza ghafla baada ya umeme kukatika mara nyingi huishia hapa.

## Hatua ya 6: Osha chujio na utafute barafu

Zima umeme, inua kifuniko na uvute machujio nje. Vumbi la kiangazi hulifunga chujio hadi liwe na tabaka la kijivu unaloweza kulibandua kwa ukucha. Hewa isipopita, koili hupoa kupita kiasi, kihisi cha koili huizuia mashine ya nje, na wewe unaona kiyoyozi "kinachojizima chenyewe". Ni ulinzi unaofanya kazi yake.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, kausha kivulini. Jua kali hulipinda chujio. Kama umekuta barafu kwenye koili, usiikwangue. Washa FAN peke yake kwa saa moja au zaidi hadi iyeyuke yote. Barafu ikirudi huku chujio likiwa safi na feni ikipuliza vizuri, hapo ndipo gesi pungufu inapokuwa dhana yenye msingi.

## Hatua ya 7: Linganisha joto la chumba na la kihisi

Weka kipimajoto kimoja usawa wa kochi au kitanda, mbali na dirisha. Cha pili kiweke juu ya mashine ya ndani, pale inapovuta hewa. Washa kiyoyozi kwa nusu saa, milango ikiwa imefungwa, kisha soma vyote viwili.

Tofauti ya nyuzi 1 au 2 ni ya kawaida. Ikifika 4 au zaidi, kihisi kinaona dunia nyingine na si ile unayokaa wewe. Katika nyumba ya bati isiyo na kizuia joto juu ya dari, mchana wa Moshi hupasha dari yenyewe, na hewa iliyo juu hubaki moto hata ukiwa unapigwa baridi kitandani, hivyo mashine haitulii. Wakati wa kupasha ni kinyume: hewa ya joto hupanda, kihisi kinaridhika mapema, na miguu inabaki baridi.

Dawa ni rahisi. Ongeza nyuzi 2 unapopasha, elekeza mapezi ya kutolea hewa chini, na kama rimoti ina kitufe cha I FEEL au FOLLOW ME, kitumie, kwa kuwa kinahamisha kipimo kwenye rimoti iliyo karibu nawe. Ukikitumia, usiiache rimoti dirishani penye jua wala chini ya mto. Kiyoyozi kitafuata joto la hapo.

Kisha chunguza tundu la bomba ukutani. Washa kijiti cha udi na ukipitishe taratibu kandokando ya mashine ya ndani, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Moshi ukisukumwa kutoka nyuma, hewa ya nje au ya darini inaingia kupitia tundu na kukipuliza kihisi moja kwa moja. Lizibe kwa silikoni au udongo laini wa kuzibia mabomba. Hitilafu hii huonekana ndogo, lakini inatosha kuivuruga mashine nzima.

Mwisho, pima hewa inayoingia na inayotoka baada ya dakika 15 katika COOL, ukiwa umeweka nyuzi za chini kabisa. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni dalili kwamba upande wa gesi na kompresa uko salama. Andika namba hizo, kwa sababu ndizo utakazomwonyesha fundi. Kama tofauti ni nzuri lakini mashine inatulia mapema au haitulii kabisa, mshukiwa ni kihisi.

## Hatua ya 8: Chunguza na upime kihisi joto

Zima umeme kama ilivyoelezwa. Ondoa machujio. Mbele ya mapezi ya koili, upande wa bodi, utaona waya mwembamba unaoishia kwenye kichwa kidogo cheusi au cha kahawia chenye upana wa milimita chache, kilichobanwa kwenye kishikio cha plastiki. Hicho ndicho kihisi cha chumba. Kile cha koili kina kichwa cha shaba na kimechomekwa ndani ya kijibomba kilichochomelewa kwenye koili.

Tazama kwanza kabla ya kupima. Kihisi cha chumba hakitakiwi kuigusa koili. Baada ya kuoshwa kwa pampu ya maji, mara nyingi huchomoka kwenye kishikio na kulala juu ya mapezi, na kuanzia hapo kinasoma baridi ya koili na kudhani chumba kimeshapoa. Kiyoyozi kinapuliza dakika chache, kinatulia, kinaanza tena. Kirudishe kwenye kishikio chake na tatizo limekwisha bila kununua chochote. Kihisi cha koili nacho kikiwa kimechomoka, kirudishe hadi mwisho wa kijibomba chake.

Kupima kunahitaji kufungua kifuniko cha bodi. Kama hujawahi kutumia multimita, mwite fundi alifanye hilo mbele yako. Si kazi ya dakika nyingi.

Piga picha ya bodi, kisha chomoa kiunganishi cha kihisi ukishika plastiki, si waya. Weka multimita kwenye kilo-omu. Vihisi hivi hupunguza ukinzani joto linapopanda. Vingi vina kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25. Vipo pia vya 5, 15 na 20, na mashine moja inaweza kuwa na vya aina mbili. Kwa kihisi cha kilo-omu 10, tarajia hivi:

- Kwenye barafu inayoyeyuka, nyuzi 0: kilo-omu 28 hadi 34
- Asubuhi ya Julai Arusha, chumba cha nyuzi 18: kama 13 hadi 14
- Mchana wa Moshi, chumba cha nyuzi 30: kama 8
- Ukikibana kati ya vidole kwa dakika moja: hushuka kuelekea 7

Kwa kipimo cha barafu, jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, na uzamishe kichwa cha kihisi peke yake kwa dakika 2. Usitumie maji yanayochemka: Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi na si 100, na joto hilo linaweza pia kukiharibu kihisi. Barafu huyeyuka kwenye nyuzi 0 Arusha sawasawa na Dar es Salaam.

Multimita isiposoma kitu, waya umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, kihisi kimepiga shoti. Namba zikirukaruka ukitikisa waya, kimepasuka. Namba zikiwa juu kuliko inavyostahili, mashine inadhani chumba kina baridi kuliko kilivyo, hivyo inapooza kwa muda mfupi na kutulia. Zikiwa chini, inapooza bila kukoma, na katika kupasha inatulia mapema.

Nunua kihisi chenye thamani ile ile. Nenda dukani na cha zamani pamoja na picha ya kibandiko, na usikubali cha kilo-omu 5 mahali pa 10 eti kwa sababu kiunganishi kinaingia. Mashine itawaka, lakini itasoma chumba kuwa na joto kuliko kilivyo.

## Hatua ya 9: Soma taa na namba za hitilafu

Kama kioo cha mashine ya ndani kinaonyesha herufi na namba kama E1 au F2, au taa inakonyeza kwa mpangilio, rekodi video ya dakika moja. Maana hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, hivyo itafute kwenye kijitabu cha mashine yako na si kwenye orodha ya mashine nyingine.

## Yanayobaki ni ya fundi

Kama umefika hapa na tatizo lipo, limebaki kwenye bodi, waya wa mawasiliano kati ya mashine mbili, kapasita, kompresa, gesi, au vali inayogeuza mwelekeo wa gesi. Dalili ya vali hiyo ni wazi: HEAT inapuliza baridi kwa zaidi ya dakika 15 huku mashine ya nje ikifanya kazi, au COOL inapuliza joto. Panya hutafuna waya wa mawasiliano, na mijusi na sisimizi huingia kwenye bodi ya nje wakitafuta joto. Mwombe fundi aangalie hayo kabla ya kutangaza bodi imekufa.

Kwa kazi ya nyaya za nyumba, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Kwa gesi, tafuta aliyesomea majokofu na viyoyozi, na mweleze mambo matatu kabla hajaanza: apime uvujaji, auzibe, kisha aingize gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Gesi ya R32 inaweza kushika moto, hivyo pasiwe na sigara wala moto wowote karibu. Anayeongeza gesi kwa kugusa bomba na kusikiliza tu, mshukuru na umwache aende.

Baada ya matengenezo, rudia kipimo cha hatua ya 7 fundi akiwa bado yupo. Weka nyuzi 24 kwa Moshi au 25 za kupasha kwa Arusha, na usubiri hadi mashine itulie yenyewe na iwake tena yenyewe angalau mara moja. Kama ni ya inveta, ambayo hupunguza kasi badala ya kuzima, tazama kama chumba kinabaki karibu na nyuzi ulizoweka. Andika joto la kochi, la hewa inayoingia na la hewa inayotoka, pamoja na tarehe, kwenye karatasi utakayoibandika ndani ya mlango wa boksi la umeme, ili safari ijayo uwe na namba za kulinganisha.